Organic Maps kwa mwanachuo wa Mbeya: hodari kwa miguu, dhaifu kwa daladala

Kama umepata nafasi ya kusoma Mbeya na hosteli za chuo zimejaa, weka Organic Maps kwenye simu kabla hujampigia dalali. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishapakua ramani inafanya kazi bila bando. Kwa kutafuta geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, na kupanga njia ya miguu naipa 4 kati ya 5. Kwa daladala naipa 1, na hata hiyo 1 inatokana na ujanja ambao mtumiaji lazima aufanye mwenyewe. Nitaueleza huko chini, kwa sababu darasa moja likishirikiana linaweza kuifikisha 3.

Programu hii ilitoka mwaka 2021, na ramani zake zinatokana na OpenStreetMap, yaani ramani inayochorwa na kusahihishwa na watu wa kawaida dunia nzima. Mwaka 2025 ilichipua ndugu yake, CoMaps, inayofanana nayo sana. Ukikuta wenzako wanatumia hiyo, karibu kila ninachosema hapa kinaihusu pia.

Kwa nini ramani, na kwa nini Mbeya hasa? Jiji hili limetandaa kufuata TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, Uyole upande wa mashariki, Mwanjelwa katikati, Iyunga kisha Mbalizi upande wa magharibi, na katikati ya mji wa zamani kumepanda juu chini ya mlima Loleza. Daladala zinafuata lami. Vyuo na mageto mengi haviko juu ya lami. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kiko Ikuti, upande wa Iyunga. Anayesoma kilimo yuko Uyole, mwisho wa pili wa jiji. Kwa hiyo safari ya mwanachuo ina vipande vitatu: geto hadi lami, kipande cha daladala, kisha lami hadi darasani. Kipande cha kati kila mtu anakijua baada ya siku mbili. Wanaochelewa kipindi cha saa moja asubuhi mara nyingi wanachelewa kwenye kile cha kwanza na cha tatu, maana vina vilima, makorongo na njia za mkato ambazo mgeni hazijui. Hapo ndipo programu hii inapolipa.

Tuanze na geto. Dalali atakuambia chumba kiko "dakika tano tu kutoka chuo". Usibishane naye, mwombe akutumie lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama mlangoni pa nyumba yenyewe. Ikifunguka kwenye Google Maps badala ya Organic Maps, bonyeza pini hadi zionekane namba mbili zenye desimali, zinakili, kisha zibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha Organic Maps. Kwa Mbeya namba ya kwanza iko karibu na -8.9 na ya pili iko kati ya 33.3 na 33.6. Alama ya kutoa mbele ya 8 si pambo. Ikipotea wakati wa kunakili, pini inavuka ikweta na kuangukia Sudan Kusini, na watu wanalaumu programu bure. Kosa la pili ni kugeuza mpangilio, ya pili ikaandikwa kwanza. Likitokea hilo pini haitakuwa Tanzania kabisa, kwa hiyo utaligundua mara moja.

Ukishapata pini, ihifadhi kwa alama ya nyota, weka jengo unalosomea kama mwisho wa safari, chagua picha ya mtu anayetembea, na usome vitu viwili: umbali wa njia yenyewe, na mchoro wa mwinuko unaotokea chini yake. Mchoro huo ndio sababu kubwa ya kuipendekeza programu hii kwa miji ya nyanda za juu. Unaonyesha mita utakazopanda na mita utakazoshuka. Programu ina makadirio yake ya muda, lakini kuna hesabu rahisi ya kuyahakiki: kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare, kisha ongeza dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda. Tuseme njia ni kilomita 1.8 na ina mpando wa mita 60. Tambarare ingekuchukua dakika 22, mpando unaongeza 6, jumla 28. Kurudi kwa kushuka ni kama 22. Dakika 28 kwenda tu si "dakika tano", na kwa wiki ya siku tano hizo ni karibu saa nne na dakika kumi za kutembea, kwenda na kurudi. Geto la jirani linaloonekana ghali kidogo linaweza kuwa nafuu ukishaweka hapo na nauli ya bajaji ya siku za mvua.

Waliosoma Iringa wanalielewa jambo hili bila mchoro: Ipogolo iko bondeni barabarani, mji uko juu, na aliyepima umbali bila kupima mlima amejidanganya. Mbeya inadanganya zaidi kwa sababu vilima vyake vimesambaa, si kimoja kikubwa kinachoonekana kwa mbali.

Namba za mwinuko zisichukuliwe kama za mpima ardhi. Zinatokana na vipimo vya anga vilivyogawa ardhi katika miraba mikubwa, hivyo korongo jembamba linaweza kufutika kabisa kwenye mchoro. Ukiona njia inakatiza kijito, fanya hivi: vuta ramani karibu uangalie kama mstari wa njia una alama ya daraja pale unapokutana na mstari wa maji. Kama hakuna, njia hiyo ni ya kiangazi. Mvua za Mbeya zinaanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, maana yake ni sehemu kubwa ya mwaka wa masomo. Kivuko cha mawe matatu kinachopitika Oktoba kinaweza kisipitike Februari, na udongo wa kwenye mteremko ukiloa unateleza kama sabuni. Programu haina habari ya mvua. Itakupeleka pale pale. Kwa sababu hiyo, kwa kila geto hifadhi njia mbili, ya mkato ya kiangazi na ya kuzunguka ya masika, na uzipe majina hayo hayo.

Kuna mpangilio mmoja ambao wengi hawaugusi nao unafaa sana masika. Kwenye mipangilio ya njia za gari unaweza kuiambia iepuke barabara zisizo na lami. Ukipanga safari ya bajaji kwa mpangilio huo, unapata njia ndefu kidogo ambayo dereva hatakataa kuipita wakati wa mvua. Na kwa kuwa umbali unaonekana kwa kilomita, mnapatana bei mkiwa na kitu cha kushika. Masharti ni mawili: aliyechora barabara awe ameandika kwamba ni ya lami au ya udongo, na iwe bado hivyo. Mitaa mipya ya pembezoni ndiyo yenye mapengo zaidi.

Kupakua ni kazi ya mara moja. Ukifungua programu na kuvuta ramani karibu na Mbeya, inakuuliza kama upakue. Ukubwa unaonyeshwa kabla hujakubali, na si mdogo, hivyo tumia Wi-Fi ya chuo mapema asubuhi watu wakiwa wachache. Simu yenye nafasi ndogo inaweza kuhifadhi ramani kwenye kadi ya kumbukumbu. Badilisha sehemu ya kuhifadhia kwenye mipangilio kabla ya kupakua, si baada, maana kuhamisha baadaye kunachukua muda na kadi za bei ya chini hukwama njiani. Ramani zikisasishwa unapakua tena. Mara moja kwa muhula inatosha.

Kuhusu GPS, kuna imani iliyoenea kwamba bila bando haifanyi kazi. Si kweli. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure. Bando linachosaidia ni kuharakisha mwanzo: simu inaletewa kwa intaneti taarifa za mahali setilaiti zilipo, badala ya kuzisubiri kutoka angani. Bila intaneti kila setilaiti inatuma taarifa zake kwa mzunguko wa sekunde 30, na simu lazima ipokee kutoka setilaiti nne bila kukatika. Ukiwa uwanjani peupe utasubiri dakika moja au mbili. Ukiwa umebanwa katikati ya Hiace chini ya bati, unaweza kufika kabla haijakupata. Kwa hiyo washa programu ukiwa bado kituoni, mshale ukitulia ndipo upande, na ukae dirishani ukiweza. Taarifa hizo hudumu saa chache tu, ndiyo maana zile za asubuhi hazikusaidii jioni.

Sasa daladala, mahali programu inapoanguka. Ina kitufe cha usafiri wa umma, lakini kimetengenezwa kwa ajili ya miji yenye treni za ndani. Hapa hakikupi kitu. Haijui daladala ipi inapita Kabwe na ipi inaishia Mwanjelwa, haijui kwamba gari inageuza njiani abiria wakiwa wachache, haijui foleni. Google Maps nayo haina ruti za daladala za Mbeya, kwa hiyo kosa hili si lake peke yake.

Ujanja wenyewe ni huu. Matoleo ya karibuni yanaweza kurekodi njia unayopita. Mtu mmoja kwa kila ruti anawasha kurekodi kituo cha kwanza na kuzima kituo cha mwisho, kisha anaipa njia hiyo jina na rangi: Uyole kwenda mjini nyekundu, Mbalizi bluu, na kadhalika. Kwenye kila kituo anaweka alama na kuandika maelezo mafupi: konda anakitaja kwa jina gani, asubuhi gari zinafika hapo zimejaa au zina nafasi, upande gani wa barabara unasimama. Jina la kwenye ramani na jina analoita konda mara nyingi havifanani, na mgeni anapotea kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote. Alama zote ziwekwe kwenye orodha moja. Bonyeza kushiriki, inatoka faili yenye mwisho wa KMZ, itume kwenye grupu la darasa. CR, yaani kiongozi wa darasa, ndiye anayefaa kuitunza, ili kusiwe na faili saba zenye majina yale yale.

Anayepokea anabonyeza faili na kuchagua ifunguliwe na Organic Maps. Inapokwama, sababu huwa moja kati ya hizi: simu imeikabidhi kwa programu nyingine ya ramani, au WhatsApp haijamaliza kuipakua. La kwanza linatatuliwa kwa kuihifadhi faili kwanza na kuifungua kutoka kwenye mafaili ya simu. Toleo la zamani la Organic Maps halirekodi kabisa, kwa hiyo sasisha kabla ya kulalamika. Kingine, simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinaua programu zinazofanya kazi kioo kikizimwa, ili kuokoa betri. Matokeo yake ni njia iliyokatika vipande, mstari ulionyooka kama rula kutoka kituo hadi kituo. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya simu, itafute Organic Maps, iondolee kizuizi. Ukimaliza kurekodi, kirudishe.

Faida ya ramani hiyo ya darasa inaonekana zaidi usiku na wakati wa mvua, vioo vya gari vikiwa vimejaa ukungu na hakuna anayeona nje. Weka kituo chako kama mwisho wa safari, tazama mita zilizobaki, na zikifika kama 300 mwambie konda "shusha". Programu haina kengele ya kukuamsha kituoni. Ukilala, umelala.

Betri ni suala la kweli mjini hapa. Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, na betri ya lithiamu iliyochoka inapoteza nguvu kwenye baridi: simu inasoma asilimia 20 kisha inazimika ghafla ukiwa na kioo na GPS vimewaka. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, usiishike mkononi njia nzima. Angalia njia, kariri kona mbili tatu, rudisha mfukoni. Kushika simu kioo kikiwaka gizani ni kumwita mwizi pia.

Google Maps isifutwe. Kwa kutafuta duka, stationery au zahanati kwa jina ina orodha ndefu zaidi, na ukiwa na bando inaonyesha foleni kwenye barabara kuu. Udhaifu wake kwa mwanachuo ni kwamba ramani zake za nje ya mtandao zinatoa maelekezo ya gari tu. Ukizima data, njia ya miguu haipo. Kwa nyumba yenye kibao cha namba na jina la mtaa, programu ya serikali ya NaPA inasaidia kuitafuta kwa anwani ya makazi, na ni njia nzuri ya kuhakiki kama dalali anakupeleka nyumba ile ile aliyoitaja.

Wapo wanaouliza kwa nini nauli isilipwe kwa simu ili mambo yaishe. Kwa bajaji au bodaboda inawezekana, kwa sababu dereva amesimama na mko wawili. Kwa daladala hapana, na makonda hawana kosa. Mwishoni mwa 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipanga nauli ya daladala kwa kilomita 10 za kwanza kuwa shilingi 600. Ukituma kiasi kama hicho kwa namba ya mtu binafsi, makato yanakula sehemu inayoonekana, na konda akitaka kuitoa kwa wakala anakatwa tena. Wakati huo huo anahitaji fedha mkononi kwa mafuta, kwa chenji, na kwa hesabu ya tajiri jioni. Na ujumbe wa kuthibitisha ukichelewa sekunde 40, mmeshapita vituo viwili mkibishana. Siku boom, yaani fedha ya mkopo wa chuo, likiingia, toa kwa wakala kiasi cha nauli ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, uvunje ziwe noti ndogo na sarafu. Makato ya kutoa mara moja ni madogo kuliko ya kutoa mara tano.

Kwa safari za usiku kutoka maktaba, Organic Maps haikulindi, kwa sababu haimwonyeshi mtu mwingine ulipo. Tumia lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, inayokupa chaguo la dakika 15, saa 1 au saa 8. Saa 1 inatosha. Inahitaji bando hadi mwisho. Likikata, mwenzako anabaki anaona pale ulipokuwa mara ya mwisho na anaweza kudhani umesimama. Kwa hiyo, kabla hujapanda bodaboda, tuma pia namba ya usajili kwa meseji ya kawaida, ile inayoanza na MC. Dada zetu wengi wanafanya hivyo tayari. Kaka nao wafanye.

Mwisho ni kurekebisha ramani, kazi ambayo watu wengi wanaifikiria ngumu. Unafungua akaunti ya OpenStreetMap bure, unabonyeza sehemu isiyo na kitu ndani ya Organic Maps, unachagua kuongeza mahali, unachagua aina, unaandika jina, unahifadhi. Unaweza kufanya hivyo bila bando, kisha inajituma ukipata mtandao. Kwenye simu za wengine haitokei siku hiyo hiyo: inasubiri toleo jipya la ramani na wao walipakue. Vijia vya miguu haviongezwi kwa njia hii. Vinachorwa kwenye tovuti ya OpenStreetMap kwa kompyuta, na njia uliyorekodi inakuwa mwongozo. Usinakili kitu kutoka Google Maps, ni marufuku na kitafutwa.

Kwa vituo vya daladala, simama kituoni penyewe, subiri mshale utulie, na weka vituo viwili, kimoja kila upande wa barabara. Kosa la mita 5 ni la kawaida hata anga ikiwa wazi, na kwenye kijia cha kawaida halina madhara. Kwenye TANZAM inayopanuliwa kuwa njia nne, pini ikiangukia upande usio wake inamfanya mgeni avuke barabara nzima mbele ya malori kufuata kituo kisichokuwepo. Vuta ramani hadi mwisho, sogeza pini kwa kidole, hakikisha, ndipo utume.